Stadi za Kijamii za Mwanafunzi Mwenye Usonji: Somo kwa Shule, Familia na Vituo vya Afya vya Tabora

Utangulizi

Mkoani Tabora salamu si jambo dogo. Mtoto anayekutana na mtu mzima njiani hutarajiwa kusimama, kuonesha heshima kwa mwili wake, na kutamka "shikamoo" kabla ya neno lingine lolote. Katika nyumba za Wanyamwezi asubuhi hufunguliwa kwa "mwangaluka", kisha watu huulizana habari za waliolala ndani, za wagonjwa na za mashamba. Mji wenyewe ulikua kwa sababu ya wageni kukutana. Katika karne ya 19 misafara iliyosafiri kati ya Bagamoyo na Ujiji ilituama hapa Unyanyembe; Waarabu, Waswahili wa pwani na wapagazi wa Kinyamwezi waliishi pamoja kwa miezi, wakifanya biashara ya pembe za ndovu na, kwa masikitiko ya historia, ya watumwa pia. Utani baina ya Wanyamwezi na makabila ya upande wa pwani, unaohusishwa na safari hizo, ungali unasikika sokoni, msibani na hata darasani.

Katika jamii ya namna hiyo, mtoto asiyesalimia hugundulika haraka kuliko mtoto asiyejua kusoma. Chukulia mwanafunzi wa darasa la tatu katika shule ya msingi. Anasoma vizuri, anajua majina ya stesheni zote za reli ya kati kwa mpangilio, lakini mwalimu akiingia darasani na wenzake wakasimama kumsalimu, yeye hubaki ameketi akipanga kalamu zake. Wakati wa mapumziko huzunguka uwanja peke yake. Kengele ikigongwa huziba masikio na kulia. Mwalimu humwona mkaidi, majirani husema hakulelewa, wenzake humwita majina, na mama yake huanza kufikiri kwamba ingekuwa nafuu akimwacha nyumbani.

Mtoto wa namna hii anaweza kuwa na usonji. Makala haya yanaeleza jinsi shule, familia na wahudumu wa afya wanavyoweza kumsaidia kujenga stadi za kijamii, yaani uwezo wa kuanzisha na kupokea mazungumzo, kucheza na wenzake, kuomba msaada, kusubiri zamu na kujilinda dhidi ya uonevu. Hoja kuu ni kwamba stadi hizi hazifundishwi kwa mtoto peke yake. Hujengwa mahali zinapotumika, pamoja na watu atakaozitumia nao, na watu hao nao wana la kujifunza.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kuendelea maishani. Daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore nchini Marekani, aliueleza kitaalamu mwaka 1943 baada ya kuwafuatilia watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alichapisha maelezo ya watoto wenye dalili zinazofanana na hizo. Hali hii ilikuwapo kabla ya kupewa jina, hapa Afrika kama kwingineko.

Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022 unazigawa dalili za usonji katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni ugumu wa kudumu katika mawasiliano na mahusiano na watu. Kundi la pili ni tabia, mapendeleo au shughuli zenye kujirudia na kukosa unyumbufu, pamoja na hisia zilizozidi au zilizopungua kwa sauti, mwanga, harufu, ladha au mguso. Watoto hutofautiana sana. Mmoja hasemi kabisa. Mwingine husema kwa ufasaha lakini hafahamu ni lini aache kusema. Mmoja anahitaji kusaidiwa kuvaa. Mwingine anaongoza darasa katika hisabati.

Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa makadirio hayo, katika kila watoto 1,000 wa umri wa shule wapo takribani 8. Mwalimu mkuu anayesema kwamba shuleni kwake hakuna mtoto wa aina hiyo anapaswa kujiuliza maswali mawili: je, wapo lakini wanaitwa watukutu? Au wamebaki nyumbani?

Wavulana hutambuliwa zaidi kuliko wasichana. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na wasichana wengi kujifunza kuiga wenzao na kuficha ugumu wao. Msichana mkimya, anayefuata kundi bila kuzungumza na anayerudi nyumbani amechoka kupita kiasi kila siku, naye anastahili kuangaliwa.

Kuhusu chanzo, urithi wa vinasaba una nafasi kubwa. Usonji hausababishwi na chanjo, wala na malezi mabaya, wala na laana au mkono wa mtu. Ni wajibu wa mhudumu wa afya kulitamka jambo hili waziwazi mbele ya baba na mama wote wawili, kwa kuwa mara nyingi lawama humwangukia mama peke yake.

Malaria kali na ufuatiliaji wa mtoto

Kwa wahudumu wa afya wa Tabora kuna jambo moja la kuzingatia zaidi. Mwaka 2006 watafiti walichapisha taarifa ya wagonjwa 20 kutoka Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya kitafiti vya usonji. Watoto watatu, mvulana mmoja na wasichana wawili, walikuwa wamekua kawaida hadi umri wa miezi 22, 35 na 42. Dalili zao zilianza walipopona malaria kali iliyoambatana na homa kali ya muda mrefu na degedege. Kwa wengine wanne maambukizi makali na dalili vilikaribiana kwa wakati, lakini watoto hao walielezwa kuwa tayari walikuwa na ucheleweshaji mdogo wa ukuaji. Kwa saba waliobaki, usonji haukuonekana kuhusiana na malaria.

Taarifa ndogo kama hiyo haithibitishi kwamba malaria huleta usonji kwa watoto kwa ujumla. Hata hivyo inatoa funzo la kitabibu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 uliionesha Tabora kuwa mkoa wenye kiwang'o cha juu zaidi cha malaria kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, takribani asilimia 23. Malaria kali inayoshambulia ubongo inajulikana kuwaachia baadhi ya watoto kifafa, upungufu wa kusikia, au matatizo ya lugha na tabia. Kwa hiyo mtoto aliyelazwa kwa malaria kali asiagwe wodini kwa dawa tu. Apangiwe tarehe ya kurudi, na siku hiyo mzazi aulizwe: je, anasema maneno aliyokuwa akisema? Anaitika jina lake? Anacheza kama zamani? Majibu yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.

Kutofautisha adabu na dalili

Vitabu vingi vya kigeni hutaja kutotazamana macho kwa macho kuwa dalili ya usonji. Katika mazingira ya Tabora kigezo hiki kinahitaji busara. Mtoto aliyefunzwa vema huinamisha macho mbele ya mkubwa wake. Kumkazia macho daktari mzee kungehesabiwa utovu wa adabu. Mhudumu asimhukumu mtoto kwa kutomtazama mgeni aliyevaa koti jeupe.

Maswali yenye manufaa zaidi ni haya. Mama akinyoosha kidole kuonesha ndege, mtoto hutazama kule kidole kinakoelekea, au hutazama kidole chenyewe, au hatazami kabisa? Akipata kitu kizuri, humletea mtu ili wakifurahie pamoja? Huwatazama watoto wenzake wanapocheza? Huigiza michezo ya kupika au ya kuendesha gari? Akiitwa jina mara kadhaa bila kugeuka, je, husikia sauti ya mfuko wa biskuti ukifunguliwa? Swali hili la mwisho huelekeza kwenye hatua isiyopaswa kurukwa kamwe: upimaji wa masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana kama mwenye usonji, na mtoto mwenye usonji anaweza pia kuwa na tatizo la kusikia.

Tabora ina uzoefu wa elimu maalumu kwa watoto viziwi na wasioona. Ulemavu huo jamii huuelewa upesi, kwa kuwa fimbo nyeupe huonekana na lugha ya alama huonekana. Usonji hauonekani kwa macho. Ndiyo maana mtoto mwenye usonji huadhibiwa kwa jambo ambalo mtoto asiyeona asingeadhibiwa nalo. Fimbo haimfundishi salamu. Humfundisha kwamba salamu huambatana na maumivu.

Nani anapaswa kujifunza?

Kwa miaka mingi msaada ulimaanisha kumtenga mtoto pembeni na mtaalamu, akafundishwa kusalimia, kuuliza na kujibu, kisha akarudishwa darasani. Mara nyingi alifaulu mbele ya mtaalamu na kushindwa uwanjani.

Connie Kasari na wenzake nchini Marekani walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Watoto 60 wenye usonji waliosoma katika madarasa ya kawaida walipangwa katika makundi kwa bahati nasibu. Baadhi walifundishwa wao wenyewe. Kwa wengine walifundishwa wanafunzi wenzao jinsi ya kumshirikisha mtoto anayepata shida. Kwa wengine njia zote mbili zilitumika. Na wengine hawakupewa mafunzo katika kipindi hicho. Mafunzo yalidumu wiki 6. Watoto ambao wenzao walifundishwa walitajwa zaidi kuwa marafiki, walipungua kukaa peke yao uwanjani, na walimu wao waliona nafuu darasani. Sehemu kubwa ya manufaa hayo ilikuwa ingalipo wiki 12 baadaye.

Mwaka huohuo wa 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji hupata shida kuwaelewa wengine, na wengine nao hupata shida kumwelewa yeye. Wazo hili si geni kwa watu wa njia ya misafara. Mgeni aliyefika Unyanyembe bila kujua Kinyamwezi hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Kila upande ulijifunza maneno machache ya upande wa pili, na Kiswahili kikasambaa.

Hatua za kufuata shuleni

Walimu wengi wa mkoa huu hufundisha madarasa makubwa yenye vifaa vichache. Hatua zifuatazo zimechaguliwa kwa kuwa zinahitaji karatasi, kalamu, dakika chache na mwalimu mmoja mwenye nia.

1. Kupunguza kinachomshinda. Kabla ya kumtaka mtoto ashirikiane na wenzake, mwalimu aangalie kinachomtesa. Mchakamchaka wa alfajiri wenye nyimbo na vumbi, kengele ya rimu la gari, msongamano wa foleni ya uji: mambo haya huwachangamsha watoto wengi, lakini kwa mwenye hisia kali za sauti na mguso yanaweza kuwa mateso. Mtoto aruhusiwe kusimama mwanzoni au mwishoni mwa mstari ili asiguswe pande zote. Mwalimu wa zamu amwashirie dakika moja kabla ya kengele kugongwa. Kuwe na mahali pa utulivu, kwa mfano chini ya mwembe fulani, ambapo anaweza kwenda kwa dakika chache bila kuhesabiwa mtoro.

2. Ratiba inayoonekana. Mwalimu achore kwenye kipande cha boksi picha za shughuli za siku kwa mpangilio: mstarini, hisabati, uji, kusoma, michezo, kufagia, nyumbani. Shughuli ikiisha, picha hufunikwa. Mabadiliko yakitokea, yaoneshwe kwenye ratiba kabla hayajatokea. Mtoto anayejua kinachofuata hubakiwa na nguvu ya kuwaangalia wenzake.

3. Salamu kwa hatua. Salamu ina sehemu nyingi: kumwona mtu, kutambua kama ni mkubwa au rika, kuchagua neno, kulitamka na kusubiri jibu. Ianze sehemu moja. Mtoto asiyesema anaweza kuinua mkono au kuonesha kadi yenye picha ya salamu, na mwalimu akamjibu "marahaba" kwa uso mkunjufu kana kwamba ametamka. Anayesema afundishwe kanuni iliyo wazi: kwa mwalimu, "shikamoo", kwa mwanafunzi mwenzako, "mambo" au "habari". Aelezwe pia kwamba mtu husalimiwa mara moja anapokutwa, kwani watoto wengine hurudia salamu kila dakika kwa kuifuata kanuni neno kwa neno. Asilazimishwe kumtazama mtu machoni wala kushikana mikono.

4. Simulizi fupi za kijamii. Mbinu hii ilianzishwa na mwalimu Carol Gray wa Marekani mwaka 1991. Mwalimu huandika simulizi fupi, kwa maneno mepesi na kwa nafsi ya mtoto, inayoeleza tukio, hisia za watu na jambo analoweza kufanya. Husomwa naye mara kadhaa kabla ya tukio. Kwa mfano, darasa likipanga kutembelea tembe la Kwihara nje kidogo ya mji, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872, simulizi inaweza kuwa hivi:

"Ijumaa darasa letu litakwenda Kwihara. Tutapanda basi baada ya kunywa uji. Ndani ya basi kunaweza kuwa na kelele. Kelele zikizidi, ninaweza kuziba masikio au kumwambia mwalimu. Kwihara tutaona tembe, nyumba ya zamani ya udongo. Mtu anayetutembeza atazungumza, nasi tutasikiliza. Nikitaka kuuliza, nitanyoosha mkono. Wanafunzi wengine wanaweza kucheka kwa sababu wamefurahi. Nikichoka, nitakaa kivulini na rafiki yangu. Mvua ikinyesha sana, safari inaweza kuahirishwa, na mwalimu ataniambia siku nyingine. Baada ya safari nitarudi nyumbani."

Simulizi nzuri hueleza zaidi kuliko inavyoamuru. Haimwaibishi mtoto kwa makosa yaliyopita.

5. Kundi la wenzi. Mwalimu achague wanafunzi watatu hadi watano wenye utu na wanaopendwa na wenzao. Si lazima wawe wa kwanza darasani, na wasiwe wamelazimishwa. Akutane nao dakika 20 mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6. Awafundishe mambo machache: kumwita mwenzao kwa jina na kumkaribia kwa mbele, kumwalika mchezoni kwa sentensi fupi, kumwonesha jinsi ya kufanya badala ya kumweleza sana, kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi wakisubiri jibu, na kukubali akikataa, kisha kumwalika tena kesho. Si lazima watajiwe jina la hali yake. Jina hilo litajwe kwa ridhaa ya wazazi na, inapowezekana, ya mtoto mwenyewe. Wenzi wabadilishane zamu, maana rafiki si mlinzi wa kudumu.

6. Michezo yenye kanuni. Kwa mtoto mwenye usonji mchezo wenye zamu na kanuni zisizobadilika ni rahisi kuliko mazungumzo matupu. Bao, mdako na gololi vinafaa sana: kila mchezaji ana nafasi yake, zamu inajulikana na macho yako mchezoni, si usoni. Rede na kombolela vinaweza kufuata baadaye. Mapendeleo ya mtoto nayo ni mlango. Yule anayejua stesheni za reli apewe nafasi ya kuwafundisha wenzake somo la jiografia. Siku hiyo wenzake watamfuata yeye.

7. Utani na uonevu. Watoto wengi wenye usonji huelewa maneno kama yalivyo. Akiambiwa "leo nitakula uji wako wote na wewe mwenyewe nikumalizie", anaweza kuogopa kweli. Afundishwe swali moja la kumsaidia maishani: "Unatania?" Wenzake nao wafundishwe kujibu kwa ukweli. Mwalimu alieleze darasa zima tofauti iliyopo: utani huwa na pande mbili, kila mmoja hujibu na wote hucheka, mmoja akicheka na mwingine akiumia, huo ni uonevu, na mila haiutetei. Mtoto mwenye usonji ajue kwa jina watu wazima wawili shuleni anaoweza kuwaeleza, na njia ya kueleza, hata kama ni kwa kadi tu.

8. Lengo moja kwa kipindi. "Apate marafiki" ni tumaini, lakini halipimiki. Lengo linalopimika ni: "Katika mapumziko ataomba zamu ya kucheza, kwa neno au kwa kadi, angalau mara moja." Mwalimu aweke alama kwenye daftari kwa siku 10 za masomo. Kukiwa na maendeleo, hatua iongezwe. Yasipokuwapo, kinachobadilishwa kwanza ni njia ya kumfundisha.

Katika bweni

Tabora ina historia ndefu ya shule za bweni; Shule ya Sekondari ya Wavulana ya Tabora ilianza mwaka 1922. Kijana mwenye usonji anayefaulu kuingia sekondari ya bweni hukutana na mtihani mgumu kuliko wa taifa: usiku wenye kelele, bafu la pamoja, mizaha ya vijana na kukosa saa ya kuwa peke yake. Shule yoyote inayompokea impangie kitanda cha pembeni, imwandikie taratibu za bweni kwa uwazi, na imteue mlezi mmoja wa kuzungumza naye kila wiki. Afundishwe waziwazi mambo ya mwili, usiri na ridhaa, kwa kuwa vijana wenye usonji wako katika hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa. Mabadiliko ya ghafla ya usingizi, kula, usafi au hali ya moyo yachunguzwe; wasiwasi mkubwa na sonona huwapata wengi wao katika umri huu, na hutibika.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Dawa hutumika kwa matatizo yanayoambatana nao, kama kifafa, au ukali mkubwa unaomhatarisha mtoto, na huanzishwa na kufuatiliwa na daktari mwenye ujuzi huo. Familia isiuze mifugo au shamba kulipia tiba inayoahidi kumponya mtoto kabisa.

Zahanati na kituo cha afya vina kazi ya kusikiliza wasiwasi wa mzazi, kupima ukuaji, kuangalia masikio, kuuliza kuhusu degedege na usingizi, na kuandika rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete kwa tathmini zaidi. Kauli ya "subiri, atakua tu" isitumike kumrudisha mzazi nyumbani bila tarehe ya kumwona tena. Msaada shuleni na nyumbani uanze wakati uchunguzi unaendelea, maana ratiba ya picha na wenzi wema havihitaji cheti cha daktari.

Baada ya tathmini, barua fupi kwa shule ina thamani kuliko faili nene. Itaje, kwa ridhaa ya mzazi, mambo matatu: mtoto anaweza nini, nini kinamshinda, na nini kimsaidie. Nakala ifike kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu, na mzazi anayeambiwa ampeleke mtoto wake "kwingine" anapaswa kujua kwamba sheria hiyo ipo.

Wajibu wa familia

Mzazi ndiye mjuzi wa kwanza wa mtoto wake. Aeleze shule kinachomtuliza na kinachomvuruga. Maneno na picha zinazotumika shuleni zitumike nyumbani pia, ili mtoto asijifunze lugha mbili za salamu. Ampeleke sokoni saa ambayo watu ni wachache, kwa muda mfupi, akiwa na jambo moja la kufanya, kama kumpa muuzaji pesa na kupokea chenji. Bibi, babu, shangazi na majirani waelezwe kwa maneno machache: "Hasalimii kwa sauti, lakini akiinua mkono ndiyo shikamoo yake." Sentensi hiyo humwondolea mtoto lawama nyingi, na humwondolea mama aibu asiyostahili. Ndugu zake watengewe muda wao pia.

Hitimisho

Kumsaidia mwanafunzi mwenye usonji kijamii si kumfanya afanane na wenzake. Lengo ni aweze kueleza anachotaka, kukataa asichotaka, kucheza anapopenda, kupumzika anapochoka, na kuwa salama. Mwalimu anaweza kuanza Jumatatu kwa hatua mbili tu: ratiba ya picha na kundi la wenzi watatu. Mhudumu wa afya anaweza kuanza kwa mtoto atakayefuata kwenye benchi la kliniki, kwa kumuuliza mama: "Akipata kitu kizuri, hukuletea ukione?" Na kila mtu mzima wa Tabora anayepita karibu na mtoto aliyenyamaza anaweza kumsalimia yeye kwanza, kisha akasubiri kidogo kuliko ilivyo desturi.